Vidukari Londiani: Jinsi ya Kulinganisha Dawa Kabla ya Kumaliza Pesa

Mvua zinapokatika mwishoni mwa mwaka na jua la Januari na Februari kuanza kuwaka, vidukari hurejea kwenye mashamba ya Londiani. Wakulima wa viazi, kabichi, sukuma wiki na minji katika wadi za Londiani, Kedowa/Kimugul, Chepseon na Tendeno/Sorget wanawafahamu vyema. Majani hujikunja, hunata kama yaliyopakwa asali, kisha hufunikwa na ukungu mweusi. Mkulima hubeba pampu, hupiga dawa, na baada ya siku kumi wadudu wamerudi. Hupiga tena, safari hii kipimo kikubwa zaidi. Msimu unapoisha, pesa nyingi zimebaki kwenye duka la agroveti na mboga bado hazina sura ya kuuzwa.

Swali linaloulizwa mara nyingi dukani ni hili: "Nipe dawa kali ya vidukari." Somo hili linaeleza kwa nini swali hilo halitoshi. Dawa inayoangusha wadudu haraka si lazima iwe ndiyo inayookoa zao. Yanayofaa kuulizwa ni mambo matatu: dawa hii ni ya kundi gani, inamfikiaje mdudu, na shamba litakuwaje baada ya wiki mbili? Lisome ukiwa peke yako au pamoja na kikundi chako cha wakulima. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

MJUE MDUDU KWANZA

Kidukari ni mdudu mdogo mwenye mwili laini, anayefyonza utomvu wa mmea kwa mdomo mwembamba kama sindano. Katika eneo letu kuna aina kadhaa. Kidukari wa kabichi ana unga wa kijivu mwilini, unaofanana na jivu, na hukaa kwa makundi katikati ya kabichi na kwenye majani machanga ya sukuma wiki. Kidukari wa kijani hushambulia viazi na mimea mingine mingi sana. Mahindi na ngano nazo zina vidukari wao.

Mambo mawili kuhusu mdudu huyu huamua kama dawa itafanya kazi au la.

La kwanza ni namna anavyozaana. Katika nchi zenye joto la wastani mwaka mzima, vidukari wengi ni majike, na huzaa watoto walio hai bila kupandwa na dume. Mtoto anaweza kukomaa na kuanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Kwa hiyo ukiua tisa kati ya kumi, yule wa kumi anaweza kujaza jani tena kabla mwezi haujaisha. Isitoshe, watoto wake wanafanana naye kabisa. Kama mama alinusurika kwa sababu dawa haimdhuru, watoto wote watakuwa hivyo hivyo.

La pili ni mahali anapoishi. Vidukari wengi hukaa upande wa chini wa jani au ndani ya majani yaliyojikunja. Ule unga wa kidukari wa kabichi hufanya maji yateleze. Dawa inayoua kwa kugusa tu haiwezi kumuua mdudu ambaye haikumgusa.

MAKUNDI YA DAWA NA TOFAUTI ZAKE

Kwenye rafu za duka utaona chupa za majina mengi, lakini majina mengi si dawa nyingi. Chupa tatu za kampuni tatu zinaweza kuwa na kiambato kimoja. Usisome jina kubwa la mbele pekee, tafuta kiambato na nambari ya kundi, ambayo lebo nyingi huionyesha. Hapa chini majina ya viambato yameandikwa kwa matamshi ya Kiswahili, kwa hiyo herufi za kwenye lebo zitatofautiana kidogo.

Pairethroidi, kundi 3A. Humu mna lambda-sihalothrini, deltamethrini na sipamethrini. Hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na humwangusha kwa dakika au saa chache. Mkulima akiona wadudu wanaanguka, huridhika. Udhaifu wake ni kwamba huua kwa kugusa, hauingii ndani ya mmea, na huangamiza pia wadudu wanaokula vidukari. Ndiyo maana shamba lililopigwa pairethroidi linaweza kuwa na vidukari wengi zaidi baada ya wiki mbili au tatu kuliko lile ambalo halikupigwa: adui wa vidukari wamekufa, na vidukari waliojificha wamebaki.

Pareto. Maua haya hulimwa kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, na Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa kuyazalisha. Dawa ya pareto huharibika haraka juani, kwa hiyo hupigwa jioni na masalia yake hayakai. Lakini tambua kwamba pairethroidi ziliundwa kwa kuiga kemia ya pareto, na zote mbili zimo katika kundi la 3A. Kutoka moja kwenda nyingine si kubadilisha dawa.

Oganofosfati, kundi 1B. Dimethoeti na malathioni zimo humu. Dimethoeti huingia ndani ya mmea na kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la wakulima dhidi ya vidukari. Hata hivyo, dawa za kundi hili huathiri pia mishipa ya fahamu ya binadamu. Masalia ya dimethoeti yalipopatikana kwenye maharagwe ya mishiri na minji kutoka Kenya katika soko la Ulaya, ukaguzi wa mazao yetu uliongezwa huko na matumizi ya dawa hiyo kwenye mboga na matunda yakazuiwa hapa nchini. Mkulima wa Londiani anayeuza sukuma wiki kwa jirani yake hana sababu ya kumlisha jirani kile ambacho mnunuzi wa Ulaya alikikataa.

Pirimikabu, kundi 1A. Hii ilitengenezwa hasa kwa ajili ya vidukari, na huwaacha hai wengi wa wadudu rafiki. Sehemu ya nguvu yake hutokana na mvuke, kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi halijoto ikipita nyuzi 15 hivi. Asubuhi za Londiani huwa na baridi kali, na ukipiga dawa hii alfajiri usishangae ikionekana dhaifu.

Neonikotinoidi, kundi 4A. Imidaklopridi, thiamethoksamu na asetamipridi ni za kundi hili. Huingia ndani ya mmea na kusafiri na utomvu, hivyo kidukari aliyejificha hufa anapofyonza. Huchukua muda kidogo kuliko pairethroidi lakini hudumu zaidi. Mmea uliokauka kwa kiangazi hauzifyonzi vizuri, kwa hiyo piga mmea ukiwa na maji. Hatari yake kubwa ni kwa nyuki. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi, thiamethoksamu na klothianidini kwenye mashamba ya wazi. Usipige dawa hizi mimea au magugu yakiwa na maua, na mwarifu jirani mwenye mizinga.

Flonikamidi (kundi 29) na pimetrozini (kundi 9B). Hizi humfanya kidukari aache kula. Mdudu hubaki kwenye jani akiwa hai kwa siku kadhaa, lakini hafyonzi tena, kisha hufa. Mkulima asiyejua hudhani amedanganywa na muuzaji, akarudi shambani na dawa nyingine siku ya tatu. Subira ya wiki moja ingemwokolea gharama. Wadudu rafiki wengi hupona.

Mwarobaini na sabuni. Azadiraktini ya mwarobaini huchelewesha ukuaji wa watoto wa vidukari na kuwapunguzia hamu ya kula. Nguvu yake ni ya polepole, na hufaa wadudu wakiwa bado wachache. Maji ya sabuni laini huua kwa kugusa na kwa wakati huo tu. Jaribu kwanza kwenye mimea michache, kwa sababu sabuni kali huunguza majani.

KWA NINI DAWA YA JANA INASHINDWA LEO

Kidukari wa kijani, yule wa viazi, ni miongoni mwa wadudu waliojenga usugu mkubwa zaidi duniani. Watafiti wameeleza njia anazotumia. Wengine hutengeneza kimeng'enya kwa wingi na kuivunja oganofosfati kabla haijaleta madhara. Wengine wana badiliko dogo mwilini linalofanya pairethroidi isishike pale inapopaswa kushika. Badiliko jingine huwakinga dhidi ya pirimikabu. Mnamo 2009 huko kusini mwa Ulaya ulipatikana usugu dhidi ya neonikotinoidi, dawa zilizokuwa zikitegemewa baada ya zile za kwanza kushindwa.

Usugu haufundishwi na mdudu mmoja kwa mwingine. Ni uchaguzi unaofanywa na mkulima bila kujua. Kila unapopiga dawa ileile, unawaondoa dhaifu na kuwaachia sugu shamba zima. Kuongeza kipimo huharakisha jambo hilo na kuongeza sumu kwenye chakula. Kuchanganya dawa mbili kwenye pampu moja bila maelekezo ya lebo nako si tiba.

Kinachosaidia ni kubadilisha kundi, si jina. Ukipiga dawa ya 3A na wadudu wakarudi, dawa inayofuata itoke kundi jingine, kama vile 29 au 9B. Andika kwenye daftari tarehe, kiambato na nambari ya kundi. Bila daftari, hakuna anayekumbuka alichopiga miezi mitatu iliyopita.

PIMA MWENYEWE SHAMBANI

Ushauri wa jirani ni mzuri, lakini vidukari wa jirani huenda si wa aina moja na wako, wala hawajapitia dawa zilezile. Jaribio dogo shambani mwako hukupa jibu lako mwenyewe. Njia ni hii.

1. Gawanya kipande cha shamba katika sehemu tatu zinazolingana: A, B na C. Sehemu A isipigwe dawa yoyote. Hiyo ndiyo ya kulinganishia. Acha mistari miwili katikati ya sehemu ili dawa isipeperuke.

2. Chagua mimea kumi katika kila sehemu, uitie alama ya utepe. Hesabu vidukari kwenye majani matatu ya kila mmea: la juu, la katikati na la chini. Geuza jani uone upande wa chini. Kama hesabu za mwanzo zinatofautiana sana, chagua mahali pengine.

3. Piga dawa ya kwanza sehemu B na ya pili sehemu C, siku moja, kiasi kilekile cha maji, kwa pampu iliyooshwa vizuri katikati. Pima dawa kwa kipimo chenye alama za mililita. Kifuniko cha chupa si kipimo.

4. Hesabu tena siku ya 3, ya 7 na ya 14.

Kwa nini sehemu A ni lazima? Kwa sababu mvua kubwa huwaangusha vidukari kwa wingi. Mkulima aliyepiga dawa jana na mvua ikanyesha usiku ataisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na mvua. Sehemu A itamwonyesha ukweli, kwa kuwa mvua imenyesha huko pia.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Ilitolewa na Mmarekani W. S. Abbott mwaka 1925 na bado hutumika. Chukua idadi ya sehemu A, utoe idadi ya sehemu iliyopigwa dawa, ugawanye kwa idadi ya sehemu A, kisha uzidishe kwa 100.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Sehemu B imepigwa pairethroidi, na sehemu C imepigwa dawa ya kuzuia kula. Sehemu zote zilianza na wastani wa vidukari 40 kwa mmea.

Siku ya 3: A ina 60, B ina 12, C ina 30. Ufanisi wa B ni 60 kutoa 12, yaani 48, gawanya kwa 60: asilimia 80. Ufanisi wa C ni asilimia 50.

Siku ya 14: A ina 100, B ina 90, C ina 10. Sasa ufanisi wa B umeshuka hadi asilimia 10, na wa C umepanda hadi asilimia 90.

Mkulima aliyeangalia siku ya tatu pekee angenunua dawa B. Aliyesubiri hadi siku ya kumi na nne angenunua C, tena angepiga mara moja badala ya mara tatu. Linganisha basi gharama ya msimu mzima, si bei ya chupa moja.

Unapohesabu, angalia pia vidukari waliovimba na kukauka, wenye rangi ya kahawia kama vibuyu vidogo. Hao wametagiwa yai na nyigu mdogo na wameliwa kutoka ndani. Ukiwaona wengi, pamoja na wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ahirisha dawa kwa siku chache. Una vibarua wasiodai malipo.

PALE AMBAPO DAWA HAITOSHI

Kwa mkulima wa viazi, hasara kubwa ya kidukari mara nyingi si utomvu anaofyonza bali virusi anavyobeba. Kuna virusi vya kujikunja kwa majani, ambavyo kidukari huhitaji muda mrefu wa kufyonza ili avichukue na kuvisambaza. Dhidi ya hivyo, dawa inayoingia ndani ya mmea husaidia. Lakini kuna virusi vya aina ya Y ambavyo huambukizwa kwa mdomo kuchoma jani kwa sekunde au dakika chache tu. Kidukari mwenye mabawa hutua, huonja, huambukiza, kisha huruka. Hakuna dawa inayoua kwa kasi hiyo. Kinga yake ni kupanda mbegu safi iliyothibitishwa na KEPHIS, kung'oa mapema mmea uliougua, na kutoweka mbegu kutoka shamba lenye ugonjwa.

Jirani zetu wa Bomet wana kumbukumbu kama hiyo. Mnamo 2011 ugonjwa hatari wa mahindi, unaojulikana kwa kifupi MLN, ulionekana huko kwa mara ya kwanza nchini. Husababishwa na virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, na kimojawapo huenezwa na vidukari. Waliofanikiwa kuupunguza hawakutegemea pampu pekee. Walibadilisha mazao, wakaacha shamba bila mahindi kwa msimu, na wakatumia mbegu safi.

Msitu nao umetufunza. Kidukari wa saipresi, ile miti ya kigeni iliyozoeleka kwenye mashamba ya serikali na mipaka ya boma, alionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Miti ilikauka kwa wingi, na kupiga dawa maelfu ya ekari za msitu hakukuwezekana. Suluhisho lililotafutwa lilikuwa nyigu mdogo anayemuua kidukari huyo, aliyeachiliwa Malawi mwaka 1994 na baadaye Kenya. Shamba la kabichi si msitu, na dawa ina nafasi yake. Lakini adui wa asili wana nafasi pia, ikiwa hatutawaua kwanza.

USALAMA WA MPIGAJI NA MLAJI

Nunua dawa yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya taifa inayosimamia bidhaa za kuua wadudu chini ya sheria ya mwaka 1982, Sura ya 346. Hakikisha zao lako limetajwa kwenye lebo. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Orodha ya dawa zinazoruhusiwa hubadilika, kwa hiyo uliza kila msimu hata kama umeitumia miaka mingi.

Heshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Dawa nyingine ni siku 3, nyingine ni 14 au zaidi. Sukuma wiki huchumwa kila wiki, hivyo dawa ya siku 14 haifai kwa anayechuma kila Jumamosi kwa soko.

Vaa glavu, buti, kinga ya macho na ya pumzi. Piga upepo ukiwa umetulia na usioshee pampu mtoni, kwa kuwa mito yetu hunywesha watu walio chini. Mtu akitokwa na jasho jingi, mate, au akiona ukungu na kupumua kwa shida baada ya kupiga dawa, mpeleke hospitalini mara moja pamoja na lebo ya dawa. Usimpe maziwa ukidhani ni tiba.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za kilimo ni jukumu la kaunti. Afisa wa kilimo wa wadi yako ndiye wa kumwendea kwanza. Mpelekee jani lenye wadudu likiwa ndani ya mfuko, pamoja na daftari lako la dawa. Vitu hivyo viwili vitamsaidia kukushauri vizuri kuliko maelezo marefu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Taja dawa tatu mlizotumia msimu uliopita. Je, ni za makundi tofauti au ni majina tofauti ya kundi moja?

2. Nani katika kikundi atatoa kipande kidogo cha shamba kwa jaribio la A, B na C, na nani atahesabu siku ya 14?

3. Mkulima ana vidukari 20 kwa mmea kwenye sehemu iliyopigwa dawa na 80 kwenye sehemu A. Ufanisi wa dawa ni asilimia ngapi? (Jibu: 75.)

4. Ni mimea mingapi shambani mwenu ina vidukari waliovimba na kukauka? Kabla ya kununua chupa nyingine, nendeni mkahesabu.